Kitasa, Chumba na Jalada

Wahitimu wa ustawi wa jamii, sheria na ukalimani: majoho yamekodiwa kwa siku moja na jua nalo halina subira, kwa hiyo hotuba hii itashika jambo moja tu. Jambo lenyewe ni kitasa cha mlango.

Julai 2018, jijini Glasgow, kampuni ya Serco, iliyokuwa na mkataba na serikali ya Uingereza wa kuwapa makazi waomba hifadhi, ilitangaza kwamba itabadilisha vitasa vya nyumba walimokaa watu wapatao 300. Watu hao hawakuwa wamevunja kitu wala kumpiga mtu. Maombi yao ya hifadhi yalikuwa yamekataliwa, basi. Kampuni haikuona haja ya amri ya mahakama: mtu angetoka kwenda dukani, na akirudi ufunguo hauingii. Wakazi waliandamana, na mawakili wa mashirika ya msaada wa kisheria wakakimbilia mahakamani, wakapata amri za kuzuia kwa muda. Novemba 2019 mahakama ya rufaa ya Scotland ikaamua kwamba kampuni haikuvunja sheria.

Mtu hufikaje hapo? Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1999, mwomba hifadhi asiye na kitu hupewa pa kulala na posho wakati akisubiri jibu. Mwaka 2024 posho hiyo ilikuwa pauni 49.18 kwa wiki kwa anayejipikia. Kazi haruhusiwi. Akisubiri zaidi ya miezi 12 bila kosa lake, anaweza kuomba kibali, tena cha kazi chache zilizoorodheshwa na serikali. Ombi likikataliwa na rufaa zikimwishia, mtu mzima asiye na watoto huhesabiwa siku 21, kisha posho na makazi vinakatika. Hata aliyekubaliwa hakupona sana: kwa miaka mingi alipewa siku 28 za kuhama, awe amekwisha kupata kazi, akaunti ya benki na nyumba ya kupanga.

Katika pengo hilo ndimo walimoingia raia wa kawaida. Sheffield walianzisha ASSIST mwaka 2003. Manchester, mwaka 2004, Dave Smith alianzisha Boaz Trust, na wakati wa baridi makanisa yakafungua kumbi zao kwa zamu ili watu wasilale nje. Mwaka 2006 vikundi vya namna hii viliungana katika mtandao uitwao NACCOM, ambao leo una mashirika wanachama zaidi ya 100. Mwaka 2015 ikazaliwa Refugees at Home, inayowaunganisha wageni na wenye chumba kisichotumika nyumbani.

Kazi yao haina mbwembwe. Mratibu hutembelea nyumba, hukagua chumba, humuuliza mwenyeji maswali ambayo jirani angeona aibu kuyauliza: nani ana ufunguo, nani hupika, mgeni atakaa hadi lini. Mashirika mengine hupewa nyumba na kanisa au chama cha makazi kwa kodi ndogo. Kisha hufanya hesabu ya akili: vyumba viwili hupangishwa kwa wakimbizi waliokwisha kukubaliwa, ambao kodi yao hulipwa na serikali, na fedha hiyo hubeba chumba cha tatu cha yule asiyestahili hata senti. Wapo wanaogawa tiketi za basi. Tiketi ya basi inaonekana kitu kidogo, mpaka mtu afikirie kutembea kwa miguu kwenda kwa wakili, kwenda zahanati, kwenda kutia sahihi ofisi ya uhamiaji, mvua inanyesha.

Lakini kwa nini chumba, na si sahani ya chakula peke yake? Kwa sababu anayelala leo kwa rafiki, kesho kwenye basi la usiku, hana anwani. Barua ya wakili haimpati. Cheti cha daktari kinachoonyesha makovu yake kinapotea pamoja na begi. Kesi iliyokataliwa inaweza kufunguliwa tena kwa ushahidi mpya, na ushahidi mpya unaweza pia kumrudishia msaada wa serikali. Ila kuutafuta kunataka miezi, na miezi inataka kitanda. Kisha kuna safari. Kuanzia 2015, na kwa miaka kadhaa, aliyetaka kuwasilisha ushahidi huo alitakiwa kuupeleka mwenyewe Liverpool. Kutoka Glasgow ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na msafiri hana pauni moja. Nauli ilichangwa na watu walewale wenye vyumba.

Wakalimani wana sehemu yao katika habari hii, na inagusa Kiswahili chenyewe.

Visiwa vya Wabajuni, kama Chula, Chovai na Koyama, viko pwani ya kusini ya Somalia, na wenyewe husema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili. Vita vilipozuka mwaka 1991 wengi walikimbilia Mombasa na kuishi kambini kwa miaka. Mtoto anayekulia Mombasa husema kama Mombasa. Baadaye baadhi yao waliomba hifadhi Uingereza wakiwa Wasomali. Sauti zao zilichambuliwa na Sprakab, kampuni ya Sweden, na wapo walioambiwa kwamba Kiswahili chao ni cha Kenya, kwa hiyo na wao ni wa Kenya. Wakakataliwa, wakaingia katika zile siku 21. Mwanaisimu Derek Nurse, ambaye pamoja na Thomas Hinnebusch alitoa mwaka 1993 kitabu cha historia ya Kiswahili na ndugu zake wa Kisabaki, alitumia ujuzi wake kueleza jinsi lugha ya Wabajuni ilivyobadilishwa na ukimbizi wenyewe. Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi za waombaji wengine kutoka Somalia, ilisema ripoti za aina hiyo zipimwe moja moja, na mchambuzi asivuke mipaka ya utaalamu wake wa lugha.

Wanasheria nao wakumbuke Novemba 2005. Sheria ya Uingereza ya 2002 ilikuwa imewanyima msaada waliochelewa kuomba hifadhi, na kijana kutoka Angola akajikuta analala nje ya kituo cha polisi cha Croydon. Majaji wa Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa, waliamua kwamba serikali inapomwacha mtu aliyekatazwa kazi akafikia hali hiyo, huo ni udhalilishaji unaokatazwa na mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu. Hukumu hiyo ilisimama juu ya mambo ya kawaida kabisa: alilala wapi, alikula nini, alioga lini. Kuna mtu aliyeyaandika hayo kwa tarehe.

Basi, wahitimu, ombi ni hili. Anayekwenda kukalimani aulize kwanza mtu alizaliwa wapi na alikulia wapi, maana ni maswali mawili. Anayekwenda kwenye sheria adai jalada zima kabla ya kusema kesi imekwisha. Na anayekwenda ustawi wa jamii aanze kutafuta chumba siku barua ya kukataliwa inapofika, asingoje siku ya kubadilishwa kitasa.