Kuivika Sura Programu ya Mwanagenzi



Mfano wangu leo ni programu ndogo ambayo wengi wetu, walimu wa kompyuta, huwapa wanafunzi waiandike kwa Python: hesabu ya mkopo wa kikoba. Skrini nyeusi inauliza kiasi, unaandika 200000. Inauliza riba ya mkopo wote kwa asilimia, unaandika 10. Inauliza miezi, unaandika 4. Jibu linatoka: 55000 kila mwezi. Hesabu ni sahihi. Lakini mketishe mweka hazina wa kikoba mbele ya skrini ile, atakuuliza programu yenyewe iko wapi. Kwake yeye, programu ni kitu chenye vitufe.

Hapo ndipo mwanafunzi anapoikimbilia Tkinter, maktaba ya Python ya kuchora madirisha na vitufe, na hakosei. Ukisakinisha Python kwenye Windows, maktaba hiyo huja nayo (Ubuntu hudai kifurushi cha python3-tk), haitaki intaneti, na hufanya kazi hata kwenye mashine chakavu za maabara zetu. Msingi wake ni Tk, aliyoibuni John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kuitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sura yake, tuseme kweli, bado ni ya zama hizo. Kwa mwanagenzi si neno.

Kinachomtoa jasho si kuchora dirisha. Visanduku vitatu vya kuandikia, lebo zake na kitufe kimoja vinaingia kwenye mistari ishirini hivi. Kazi iko kwenye kujua nani anamsubiri nani. Kwenye skrini nyeusi programu ndiyo huuliza, na mtu hujibu kwa zamu aliyopangiwa. Kwenye dirisha, mtu huanza na miezi, akarudi kwenye riba, au akabofya kabla hajajaza chochote, na programu imekaa tu ikimngoja. Kungoja huko ndiko mainloop. Mwanafunzi akiiacha while True yake ya zamani juu ya mstari wa mainloop, atalisubiri dirisha mpaka kengele ilie.

Ndiyo maana kabla ya kitufe cha kwanza nawaagiza wang'oe kila input na kila print iliyomo ndani ya hesabu. Ibaki fanksheni moja, tuiite rejesho, inayopokea kiasi, riba na miezi, kisha irudishe namba. Basi. Isijue kama imeitwa na kibodi au na kitufe. Wananung'unika: programu ilikuwa inafanya kazi, mwalimu, mbona tunaibomoa? Nawaacha wanung'unike. Fanksheni ya pili, onyesha, ndiyo husoma visanduku, ikaiita rejesho na kuandika jibu kwenye lebo.

Mtego wa kwanza ni mabano. Kwenye kitufe huandikwa command=onyesha. Ukiandika command=onyesha(), fanksheni inaitwa palepale kitufe kinapoundwa, na baada ya hapo kitufe ni pambo.

Mtego wa pili ndio unaoniuma zaidi, maana unamwangukia mtumiaji. Kisanduku hurudisha maandishi, si namba. Mweka hazina haandiki 200000. Anaandika 200,000, kama alivyozoea kwenye daftari lake. Float inaikataa koma ile, na kosa linachapishwa kwenye skrini nyeusi iliyojificha nyuma. Dirishani kimya. Anabofya tena, na tena, mwisho anasema kompyuta imekufa. Kwa hiyo onyesha iondoe koma kwa replace kabla ya kugeuza maandishi kuwa namba, na ikishindwa, except iandike kwenye lebo ileile ya jibu: "Andika kiasi kwa tarakimu."

Mashine zenu zina faili mbili za programu hii, moja ikiwa na mtego wa pili. Tuanze na hiyo. Andikeni mkopo wa 200,000, pamoja na koma yake, mbofye.