Nishani za Kwihara

(Hotuba iliyotolewa Ipuli, Tabora, mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi, siku ya kugawa zawadi za masomo)



Nimeombwa nizungumze juu ya tuzo wanazopewa wataalamu na waandishi: tuzo za utabibu, za historia, za ufundi na za fasihi. Nadhani aliyeniandikia barua ya mwaliko alitaraji nitaanzia Stockholm, inakotolewa Tuzo ya Nobel. Naomba radhi. Nitaanzia Kwihara, ambako mtu akitoka hapa Ipuli kwa baiskeli huenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Mwezi Oktoba mwaka 1873 uliingia Kwihara msafara wa ajabu. Wapagazi walibeba maiti ya Dakt. David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walikuwa wametembea miezi mingi. Hapa walimkuta Mwingereza Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wamzike papa hapa Unyanyembe. Wakakataa. Wakaendelea na safari, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Habari hii wengi wenu mmeisoma. Ninachowaomba leo ni kuitazama kazi yenyewe. Kule Chitambo alikuwako mtu aitwaye Farijala, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja. Yeye ndiye aliyeipasua maiti, akaona ndani ya tumbo bonge la damu iliyoganda, ukubwa wake kama kiganja cha mtu. Wenzake walisimama pale wakashuhudia, na ushahidi wao ndio mpaka leo wanaoutegemea wale wanaojadili Livingstone alikufa kwa maradhi gani. Huo, ndugu zangu, ni utabibu. Kisha wakaitia maiti chumvi, wakaikausha juani siku kumi na nne, wakaifunga ndani ya gome la mti na kuishonea turubai. Huo ni ufundi, tena ufundi uliofanya kazi yake sawasawa, kwani maiti ilipofika Uingereza ilitambulikana. Naye Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyesomeshwa India katika shule ya Nassick, alichonga jina la marehemu katika mti na akaandika siku kwa siku yaliyotokea. Hiyo ni historia.

Na akili pia ilikuwako. Walipofika Kasekera, baada ya kutoka Kwihara, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Basi wakaifunga upya mfano wa robota la nguo za biashara, wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua, wakawatuma wenzao warudi nayo kama wanaokwenda kuizika. Wale walipofika porini wakayatupa mabua. Robota likapita salama salimini.

Je, watu hawa walituzwa nini? Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilifua nishani sitini za fedha, kila moja na jina la mwenyewe ukingoni. Maneno yaliyoandikwa juu yake yalisema kwamba huyu alikuwa mwaminifu mpaka mwisho.

Sisemi uaminifu ni kitu kidogo. Lakini hebu pimeni. Chama hicho hicho kilimpa Burton nishani ya dhahabu mwaka 1859, na Speke mwaka 1861. Wote wawili walifika hapa Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, na ni hapa mfanyabiashara Snay bin Amir alipowaeleza habari za maziwa na za falme za kaskazini, kabla Speke hajaliona ziwa analosifiwa kuligundua. Cameron alipewa dhahabu mwaka 1876. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Speke, Stanley na Cameron, mwaka huo huo wa 1876 alipewa nishani ya fedha na pensheni ndogo. Dhahabu ililipa maarifa. Fedha ililipa utii. Na kilichowatenganisha, licha ya kiburi cha zama zile, ni kwamba wa dhahabu waliandika vitabu na wa fedha waliandikwa vitabuni.

Mimi mwenyewe nilimaliza chuo kikuu nikiwa nimekariri tarehe zote za Burton na Speke. Jina la Farijala nilikutana nalo baadaye sana, tena kwa kujisomea. Nilione haya.

Katika utabibu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1905 Dakt. Robert Koch alizichunguza njia za misafara za Afrika Mashariki ya Wajerumani, akaonyesha jinsi papasi waliojificha katika sakafu za vibanda vya kupumzikia wapagazi wanavyoeneza homa. Mwisho wa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel, na haki inataka niseme kwamba alipewa kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, si juu ya papasi. Lakini Livingstone alikwisha andika mwaka 1857 kwamba watu wa Afrika wanaugua kwa kuumwa na kupe wa namna hiyo. Karibu miaka hamsini kabla ya hadubini ya Koch, basi, jambo lilijulikana. Waliolijua hawakuwa na pa kuliandika.

Leo tunapo. Kijana mmoja aliyetoka Shule ya Tabora, akiwa Makerere mwaka 1944, alishinda shindano la insha la Afrika Mashariki kwa kuandika juu ya kuonewa kwa wanawake katika jamii yake. Kijana huyo alikuwa Julius Nyerere. Tuzo ya Taifa ya Uandishi Bunifu yenye jina lake, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipata Nobel ya fasihi. Riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi kwa juhudi za Dakt. Ida Hadjivayanis, ni habari za msafara wa tajiri wa pwani kuingia bara. Njia ile ile, ndugu zangu! Ila safari hii anayeisimulia ni mtu wa kwetu.

Hapo nafurahi, na hapo hapo nina neno. Tuzo ya Mwalimu ilianza na riwaya na ushairi, ikaongeza hadithi za watoto. Vema kabisa. Lakini mganga wa zahanati atakayeandika kwa Kiswahili safi kitabu juu ya homa za Unyamwezi, apeleke wapi mswada wake? Mwalimu atakayekusanya historia ya wapagazi kwa vinywa vya wajukuu zao, atahukumiwa na nani? Nitaambiwa kwamba tangu mwaka 2019 tunayo MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ni kweli, nayasifu, lakini hayo hupima kifaa, hayapimi kitabu. Dakt. Askwar Hilonga wa Arusha alipotengeneza chujio lake la maji, tuzo kubwa iliyomtangaza mwaka 2015 ilitoka kwa wahandisi wa Uingereza. Tuliisoma habari yake magazetini. Maelezo ya kazi yenyewe, kwa lugha ambayo fundi wa Ipuli angeielewa, ni wangapi hapa wamepata kuyasoma?

Ndiyo maana nasema Taifa linahitaji tuzo ya vitabu vya maarifa vilivyoandikwa kwa Kiswahili, vya utabibu, historia na ufundi, yenye heshima sawa na ile ya riwaya. Nimekwisha liandika jambo hili gazetini, na nitaliandika tena.

Wainwright alikwenda na maiti mpaka London, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza katika kanisa la Westminster mwaka 1874. Alifariki mwaka 1892 huko Urambo, mkoa huu huu wetu. Maandishi ya mkono wake yaliwekwa wazi kwa ulimwengu wote kusoma mwaka 2019.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta madaftari kumi na mawili na kalamu zake. Si ya aliyeongoza darasa. Huyo zawadi yake ipo mezani. Ni ya wale watakaokwenda kwa bibi au babu, wakaandika jambo moja la dawa, la ufundi au la safari, pamoja na jina la aliyelisema na tarehe aliyolisema. Nitarudi baada ya likizo kuyasoma mwenyewe. Sasa naomba tuwaite washindi.