Saratani ya kongosho: tupime wote?

Msikilizaji, tuanze na hesabu. Mwaka 2022, saratani ya kongosho iligunduliwa kwa watu wapatao 510,000 duniani, na ikaua takriban 467,000. Vifo vinakaribia kulingana na wagonjwa wapya! Kongosho imejificha nyuma ya tumbo. Mgongo ukiuma mtu humeza vidonge, na macho yakigeuka manjano, mara nyingi uvimbe umeshasambaa.

Sasa, wapo wanaosema tupime kila mtu. Kwa upande wa pili, jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 2019 lilikataa kupima wasio na dalili, maana majibu yasiyo sahihi huweza kumfikisha mzima kwenye kisu. Nadhani wana hoja. Lakini sigara, unene na kisukari vinavyoongeza hatari, nani anavifuatilia katika zahanati zetu?