Heshima ya Kufaulu na Deni Lake: Mhadhara wa Umma, Mandera



Nimeombwa nieleze kama mwanafunzi wa chuo kikuu anapata faida akijiunga na chama cha heshima cha waliofanya vizuri masomoni. Faida ipo, na kwa mtoto wa Mandera ni kubwa zaidi, ila si ile inayofuatwa na wengi.

Vyama hivi chimbuko lake ni Marekani. Tarehe 5 Desemba 1776, wanafunzi watano wa chuo cha William and Mary, Virginia, walianzisha Phi Beta Kappa. Walikutana kwa siri kujadiliana, ili kila mtu aseme alionalo bila kuogopa wakubwa. Sifa na vyeti vilikuja baadaye. Kwetu vyama vya namna hiyo ni vichache. Tulivyozoea ni vyama vya wanafunzi waliotoka eneo moja. Navyo vina kazi yake: vinapokea mgeni wa mwaka wa kwanza, vinachangia matibabu, vinafuatilia basari. Tatizo ni pale vinapobeba mipaka ya koo hadi bwenini. Mwaka 2014 tuliona katika mji wa Rhamu, kaunti hii ya Mandera, jinsi ugomvi wa koo unavyohamisha familia. Chama kinachoangalia alama pekee kinawakalisha meza moja vijana ambao nyumbani wasingekaribiana, na hilo peke yake nalihesabu faida kubwa.

Faida ya pili ndiyo iliyonileta hapa: mwanachama kufundisha anapokuwa likizo. Alfajiri ya 22 Novemba 2014, basi lililotoka mji huu kwenda Nairobi lilitekwa na al-Shabaab. Watu 28 waliuawa, wakiwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Walimu wengi waliotoka kaunti nyingine waliondoka, na madarasa mengi yakashikwa na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi tu.

Mtazame mmoja wa vijana hao ubaoni. Anahamisha namba upande wa pili wa mlinganyo, jumlisha inageuka kuwa toa. Msichana wa dawati la mbele anauliza kwa nini imegeuka. Mwalimu wake anafuta, anaandika tena hatua zilezile, kwa sauti ya juu zaidi. Hana kosa, hakuna aliyewahi kumweleza. Mwanachama wa chama cha heshima, aliye likizo ndefu, akae naye jioni mbili tatu wafikie jibu hilo pamoja. Kijana atafaidika, na huyo mwanachuo atagundua kama alielewa au alikariri. Sijui mtihani unaompima msomi vizuri kuliko huo.

Mji huu umeshawahi kuonyesha heshima ya mwalimu ni nini. Tarehe 21 Desemba 2015, basi liliposimamishwa na al-Shabaab karibu na El Wak, Mwalimu Salah Farah na abiria wenzake Waislamu walikataa kutenganishwa na abiria Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Barua ya mapendekezo, majina ya wahadhiri wanaokufahamu, habari za ufadhili kabla muda haujapita: hayo nayo utayapata, na mtu aliye kilomita elfu moja hivi kutoka Nairobi anayahitaji kweli. Lakini chama kikikutumia ujumbe kinataka ada kabla hujajua nani aliyekuchagua na kwa alama zipi, muulize mkuu wa kitivo chako kwanza.

Pendekezo langu ni hili. Sharti la kuingia liwe alama. Sharti la kubaki liwe kufundisha kila likizo. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi waingie pia, maana fundi umeme aliyeongoza darasa lake ana mengi ya kumwonyesha mwenzake wa fizikia. Tuanze na shule mbili, moja hapa mjini na moja Rhamu. Walimu wakuu mliopo, tukitoka hapa tuandikiane ni madarasa yapi hayana mwalimu wa hesabu.