Ruta Ikizubaa, Tupime Kabla ya Kulipa

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya ruta, kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo kinachogawa intaneti bila waya. Siku hizi vikundi vingi vinacho: kwa katibu, kwenye chumba cha kompyuta cha vijana, ama karibu na tangi la maziwa. Na malalamiko tunayosikia ni mawili. La kwanza: "Kunakili faili moja kunamaliza asubuhi nzima." La pili: "Tumeweka kamera kwenye ghala la mahindi, lakini tukiwa mbali hatuioni."

Mara nyingi maneno huishia kwa mweka hazina. Pesa zitolewe, tununue kisanduku kipya, ama tulipie kifurushi kikubwa zaidi. Sisi tunasema, ngojeni kwanza. Pesa za kikundi ni jasho la watu. Kabla hazijatoka, tujue ugonjwa uko wapi.

Barabara ni mbili

Ruta ina barabara ya ndani na barabara ya nje. Ya ndani ni kutoka kompyuta hii hadi ile iliyo katika jengo lilo hilo. Ya nje ni kutoka kwa ruta hadi kwa kampuni inayotuuzia intaneti, na kutoka hapo hadi ulimwenguni.

Katibu akituma hesabu za mwaka kutoka kompyuta yake hadi ile ya kuchapisha, faili hiyo haitoki nje ya nyumba. Inafika kwa ruta, inageuka, inarudi. Basi ikiwa hiyo ndiyo iliyo polepole, hata mkilipa kifurushi mara tatu haitaongeza mwendo hata kidogo. Na ikiwa barabara ya ndani ni nzuri lakini ya nje ndiyo mbovu, kununua ruta mpya ni kazi bure. Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: ni barabara gani inayotusumbua?

Jambo lingine ni vipimo. Kampuni hupima kwa megabiti, lakini kompyuta ikinakili faili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Ukilipia megabiti 10 kwa sekunde, kompyuta itakuonyesha kama megabaiti moja na robo. Hujaibiwa, ni hesabu tu. Faili ya megabaiti 1,000, kama video ya mafunzo, ni megabiti 8,000. Kwa mwendo wa 100 itachukua sekunde 80, na kwa mwendo wa 10 itachukua dakika 13 na zaidi. Mkijua hesabu hii mtajua kama mwendo mnaoupata ni wa haki.

Tuanze na waya

Chukua waya wa ruta, uunganishe kompyuta mbili kwa ruta hiyo, uzime waifai ya kompyuta zote mbili, kisha unakili ile faili tena. Andika muda uliochukua. Ikienda mbio, ruta ni nzima na shida iko hewani. Ikiwa bado inajikokota, angalia waya wenyewe.

Ndani ya waya huo mna nyuzi 8. Mwendo wa megabiti 100 unatumia nyuzi 4 tu, lakini mwendo wa 1,000 unazitaka zote 8. Panya akikata mmoja katika zile nne za ziada, ama mguu wa meza ukiukanyaga, mawasiliano hayafi. Yanashuka tu mpaka 100, na hakuna anayejua sababu. Badilisha waya kabla ya kulaumu mtambo. Pia someni kijitabu cha ruta, kwa maana ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya waya ya 100 pekee. Hiyo si ugonjwa, ndivyo zilivyoundwa.

Shida ikiwa hewani

Waifai ni kama baraza. Akisema mmoja, wengine wanangoja. Kompyuta mbili zikinakiliana bila waya, faili inapanda hadi kwa ruta kisha inateremka katika hewa ile ile, kwa hivyo mwendo unakatika karibu nusu. Ukiiunganisha moja tu kwa waya, utaona tofauti siku hiyo hiyo, na gharama ni ya waya peke yake.

Angalieni pia mahali ruta ilipo. Bati, chuma na maji ni maadui wa waifai. Tumeona ruta imewekwa juu ya kabati la chuma, nyuma yake tangi la maji, na kompyuta ziko chumba cha pili kilichozungushiwa mabati. Hapo hata ruta ya bei kubwa itashindwa. Iweke mahali pa wazi, juu kidogo, katikati ya wale wanaoitumia.

Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili. Ya 2.4 yanafika mbali na yanapenya ukuta vizuri zaidi, lakini yana mwendo mdogo na msongamano mwingi. Ya 5 yana mbio, lakini hayafiki mbali. Aliye chumba kimoja na ruta atumie 5, na aliye mbali atumie 2.4. Katika 2.4, chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kama duka la jirani liko kwenye 6, nyinyi nendeni 1 ama 11.

Na kuna jambo moja dogo linalosahaulika. Kama ulinzi wa waifai umewekwa kwa aina ya zamani, yaani WEP ama TKIP, mwendo wa waifai haupiti megabiti 54, hata kama kisanduku kimeandikwa 300. Uweke WPA2 ya AES ama WPA3. Mtapata mwendo na mtapata usalama pia.

Kamera ya ghala

Sasa tuje kwa lalamiko la pili. Kwa nini tukiwa nyumbani kamera inaonekana, na tukiwa mjini haionekani?

Fikirieni sanduku la posta la shule. Kijiji kizima kinatumia sanduku moja. Barua zikifika, mwalimu ndiye anayejua hii ni ya nani. Ruta inafanya kazi hiyo hiyo. Anwani za intaneti za aina ya zamani, ambazo bado zinatumika sana, ni kama bilioni 4.3 tu, na akiba yake kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Kwa hivyo nyumba hupewa anwani moja ya nje, na vyombo vya ndani hupewa anwani za nyumbani, kama zile zinazoanza na 192.168. Anwani hizo zinarudiwa katika nyumba nyingi duniani, na huko nje hazifikishi barua.

Kompyuta ya ndani ikiandika barua kwanza, ruta inakumbuka, na jibu likirudi inalikabidhi kwa mwenyewe. Lakini barua ikija kutoka nje bila kuitwa, ruta haijui ni ya nani, nayo inaitupa. Ndiyo maana simu yako ukiwa mjini inabisha hodi na haiitikiwi.

Dawa yake ni kumwachia mwalimu maagizo: "Barua yoyote yenye namba hii, mpe kamera." Namba hiyo mafundi huiita poti, sisi tuiite mlango. Na mkiona maagizo hayafanyi kazi, fuateni hatua hizi, moja baada ya nyingine.

Kwanza, mkiwa ndani, fungueni kamera kwa anwani yake ya nyumbani na namba ya mlango wake. Isipofunguka hapo, msitafute shida nje.

Pili, kamera ipewe anwani isiyobadilika. Kwa kawaida ruta huazima tu anwani. Stima ikipotea na kurudi, kamera huweza kuamka na anwani nyingine, na maagizo yakabaki yakielekeza kwa mtu asiyekuwepo. Ndani ya ruta mna mahali pa kuiwekea kamera anwani yake ya kudumu.

Tatu, hakikisheni namba ya mlango na aina yake, yaani TCP ama UDP, ni zile zilizoandikwa katika kijitabu cha kamera.

Nne, jaribuni mkiwa nje kweli. Zima waifai ya simu, tumia bando. Ruta nyingi haziwezi kumrudisha ndani mtu anayetumia anwani ya nje akiwa bado yuko ndani. Hapo mtadhani mmeshindwa, kumbe mmefaulu.

Tano, na hapa ndipo wengi wanapopotezea wiki, ulizeni kama hilo sanduku la posta ni lenu. Makampuni mengi, hasa ya simu, huweka wateja wengi chini ya anwani moja ya nje. Fungueni ukurasa wa ruta, msome anwani yake ya upande wa nje. Kisha angalieni anwani ambayo tovuti za kupima huwaonyesha. Zikiwa tofauti, ufunguo wa sanduku mnao nusu tu. Mara nyingine ni ruta mbili zilizofuatana katika jengo, na maagizo yanatakiwa kuandikwa katika zote mbili. Lakini ikiwa anwani ya ruta inaanzia 100.64 hadi 100.127, kundi lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, basi aliyewatangulia ni kampuni. Hata mkibonyeza mpaka jioni, mlango hautafunguka. Iombeni kampuni anwani ya nje iliyo yenu wenyewe, na mwulize bei kabla ya kukubali.

Mlango ukifunguka, nani anaingia?

Hapa tunawaomba mtusikilize sana. Mlango mliofungua ili mwenyekiti aone ghala, dunia nzima inaweza kuubisha. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikitafuta kamera na ruta ambazo bado zina neno la siri la kiwandani. Ilibeba orodha ya majina na maneno ya siri kama 60 tu, na hiyo ilitosha kunasa vyombo vingi mno. Mwezi wa Oktoba mwaka huo vyombo hivyo vilitumiwa kushambulia kampuni moja ya Marekani, na tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera wengi hawakujua lolote. Waliona tu intaneti yao imekuwa nzito.

Basi badilisheni neno la siri la kamera na la ruta kabla ya kufungua mlango wowote. Programu za vyombo hivyo zisasishwe. Msifungue kabisa mlango wa ukurasa wa ruta yenyewe kwa watu wa nje. Na kama mnaweza kuepuka kufungua mlango, epukeni. Ziko kamera zinazopiga simu zenyewe kwenda nje, na ziko njia za siri za VPN ambazo ruta ama kompyuta ya ndani huanzisha. Hizi hufanya kazi hata pale kampuni inaposhika sanduku la posta, lakini nazo zinataka neno la siri lililo zuri. Kamera ya kulinda mahindi isiwe tundu la mwizi.

Daftari la mtambo

Tunamaliza na ombi moja. Kila kikundi kiwe na daftari la ruta, kama vile mlivyo na daftari la hesabu. Andikeni tarehe, mlichopima, muda uliochukua, na mlichobadilisha. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, kisha mpime tena. Mkibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mambo yakapona, hamtajua dawa ilikuwa ipi, na yakiharibika hamtajua mrudi wapi. Neno la siri, hata hivyo, msiliandike humo. Likae kwa maofisa wawili wa kikundi, ili mmoja akisafiri kazi isisimame.

Siku fundi atakapokuja kuwaambia mnunue kisanduku kipya, mfungulieni daftari hilo. Fundi mwema atafurahi, maana nusu ya kazi yake mmeshaifanya. Na yule mwingine ataona kwamba kikundi hiki kinapima kabla ya kulipa.

Sasa tuko tayari kwa maswali yenu.