Vumbi la Nyumbani Wakati wa Kipupwe



Nimeombwa niseme machache juu ya afya, nami nimechagua jambo ambalo haliandikwi katika daftari la mizani wala la madeni, ingawa hutupunguzia nguvu kazi kila mwaka. Jambo hilo ni mzio wa ndani ya nyumba katika miezi ya Juni, Julai na Agosti.

Mzio ni hali ya mwili kupambana na kitu ambacho kwa watu wengi hakina madhara. Dalili zake ni chafya za mfululizo, makamasi mepesi na macho kuwasha. Na kwa mwenye pumu, kifua hubana na kutoa mlio kama wa filimbi. Mzio hauleti homa. Hata hivyo, mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili asibahatishe. Aende zahanati akapimwe kifua kikuu.

Kwa nini kipupwe? Wakati wa mvua, utitiri mdogo usioonekana kwa macho hustawi ndani ya magodoro na mito, na ukungu huota ukutani. Kiangazi kiingiapo utitiri hupungua, lakini kinyesi chake na mabaki yake hubaki na kugeuka vumbi. Usiku huwa wa baridi, nasi hufunga madirisha, huwasha moto ndani na kujifunika mablanketi yaliyokaa sandukuni tangu mwaka uliopita.

Hapa kwetu Tabora kuna jambo la ziada. Miezi hiyo ndiyo ya kuchambua tumbaku na kungoja masoko. Vumbi la jani kavu huwasha pua na mapafu, nasi tunalala nalo. Desturi ya kulala na mali ni ya zamani katika njia ya misafara. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, lilikuwa makazi na pia ghala la bidhaa za msafara. Babu zetu waliogopa wezi, nasi twawaogopa.

Nasema haya kwa uchungu. Msimu mmoja niliweka mitumba chumbani mwa wanangu ili isiibwe. Mtoto mwenye pumu alibanwa usiku wa manane, nikampakia kwenye baiskeli hadi hospitali. Alipona, lakini njiani sikuikumbuka tumbaku hata mara moja.

Basi tufanye nini? Kwanza, nyumbani: tuanike magodoro na mablanketi juani na kuyakung'uta nje, mashuka tuyafue kila wiki, ikiwezekana kwa maji ya moto sana. Tunyunyize maji sakafuni kabla ya kufagia. Madirisha yafunguliwe kila asubuhi, na chakula kifunikwe ili mende wasizaliane, kwani nao huleta mzio. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majiko ya nyumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Pili, kazini: tumbaku ichambuliwe barazani au chini ya kibanda chenye hewa, na mchambuaji afunge kitambaa puani na mdomoni. Watoto wasikae hapo.

Tatu, mwenye pumu asiache dawa ya kuvuta aliyoandikiwa kwa sababu tu amejiona nafuu. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi kuwa ya buluu, apelekwe hospitali mara moja.

Lakini, ndugu makatibu, ushauri huu hautafuatwa iwapo mkulima hana mahali salama pa kuweka jani lake. Hatuwezi kumwambia aitoe tumbaku chumbani kisha tumwachie wezi. Kwa hiyo naomba kila chama kiweke katika ajenda ya mkutano mkuu wake suala la ghala la pamoja, lenye mlinzi na stakabadhi kwa kila mtumba. Mtu mmoja hawezi kulijenga, na ndiyo maana tulianzisha ushirika.