Tope Jeusi la Mikoko

Somo letu la leo ni juu ya tope jeusi la pwani. Najua wengine mtacheka: tope nalo lina somo? Subirini kidogo.

Mama wa Chwaka au wa Uzi akienda kufukua makumbi aliyoyafukia miezi mingi, hukutana na harufu kama ya yai viza. Tope la juu ni la kijivu, lakini akichimba shubiri moja tu hulikuta jeusi kama masizi. Na kama amesahau kuvua bangili yake ya fedha, huiona imeingia weusi. Mambo haya yote yana asili moja, nayo ni kiberiti. Sisemi kile cha kuwashia moto, bali madini yale ya rangi ya manjano yenye jina hilo hilo.

Maji ya bahari hayana chumvi ya kupikia peke yake. Katika kila lita moja mna karibu gramu 2.7 za salfeti, yaani kiberiti kilichoungana na oksijeni. Sasa, chini ya mikoko majani huanguka na kuoza, na hewa haipenyi topeni. Humo huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kwa kuwa havipati oksijeni ya hewa, huichukua ile iliyomo ndani ya salfeti. Kiberiti kinachobaki hugeuka gesi. Ndiyo harufu ile, na ndiyo inayotia weusi bangili. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo katika udongo, huungana nacho, tukapata salfaidi ya chuma, kitu cheusi. Miaka ikipita, sehemu yake huwa vijiwe vidogo mno vya piriti, madini ya rangi ya dhahabu ambayo yamewadanganya watu wengi duniani wakadhani wametajirika.

Maadamu tope limelowa maji, halina neno. Dhara huja likikauka. Mtu akijenga boma kuzuia bahari, ili apate shamba la mpunga au bwawa la samaki, hewa huingia topeni. Salfaidi huvuta oksijeni, hatua kwa hatua, na mwisho hutoa asidi kali ya kiberiti, ile ile itiwayo katika betri za motokaa. Udongo hupiga manjano na kutu, mizizi huungua, samaki hufa. Huko Casamance, katika nchi ya Senegali, ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliyakausha matope ya mikoko, na wakulima wengi wakayaacha mashamba yao ya mpunga.

Katika safari hiyo, kutoka salfaidi mpaka salfeti, kuna kitu cha njiani kiitwacho salfaiti. Hakikai. Kikipata hewa zaidi hugeuka salfeti. Kwa hiyo salfaiti ya chuma kuonekana kama jiwe ni jambo adimu mno. Katika karne hii ya 21 wataalamu waliipata katika bonde la Fleiss, milimani Austria, wakaiita fleisstaliti: ni chuma, kiberiti, oksijeni na maji. Msiende kuitafuta Chwaka!

Sisi wa Unguja tuna bahati moja. Chukua jiwe la matumbawe, kama yale yaliyojengea nyumba za Mji Mkongwe, ulikamulie limau. Utaona povu. Jiwe hilo lina chokaa, na chokaa huiua asidi. Basi tope lililochanganyika na mchanga mwingi wa matumbawe lina dawa yake ndani. Lakini si kila pwani iko hivyo. Kule Makoba, upande wa kaskazini, vijito vya Mwanakombo na Zingwezingwe huleta udongo kutoka bara ya kisiwa, na udongo ndio wenye chuma. Mimi nisingechimba bwawa mahali pa namna hiyo kabla ya kulijaribu tope lake.

Kulijaribu si kazi ngumu. Chimba shubiri mbili, uchukue tope jeusi. Nusu yake itie katika chupa ijae maji ya bahari mpaka mdomoni, uizibe sana. Nusu ya pili itandaze katika sahani, uinyunyizie maji kidogo kila siku ibaki na unyevu tu. Rangi ya tope la sahani itaanza kubadilika upesi, lakini asidi hukawia. Lingojeni miezi mitatu. Kisha korogeni kila tope na maji safi kidogo, mtumbukize karatasi ya litmasi ya buluu. Ikigeuka nyekundu, pana asidi.

Darasa litakaloona karatasi imegeuka lituandikie, litaje na pwani lilikochota tope hilo. Kwaherini.